Kuendesha Michezo ya Vita na ya Uigaji Chuoni: Mwongozo kwa Wahadhiri na Watafiti wa Magharibi mwa Kenya

Mhadhiri wa usimamizi wa maliasili anaweza kutumia saa mbili kueleza kwa nini wavuvi humaliza samaki wa ziwa ambalo wote wanalitegemea, na wanafunzi wakaandika kila neno, wakalirudisha kwenye mtihani bila kosa, kisha wakatoka ukumbini wakiwa bado wanaamini kwamba chanzo cha tatizo ni ujinga wa wavuvi. Wanafunzi haohao wakipewa mfuko wa maharagwe na kanuni nne, watalimaliza ziwa wao wenyewe kabla ya nusu saa kwisha, tena macho yao yakiwa wazi. Baada ya hapo huwa vigumu kwao kuzungumzia ujinga wa mtu mwingine. Nimeuendesha mchezo huo mara nyingi katika madarasa ya Kisumu na viunga vyake, na mwongozo huu umetokana na yale yaliyofaulu pamoja na yale yaliyoniharibikia.

Jina "mchezo wa vita" huzua maswali katika ofisi za wakuu wa idara, kwa hiyo ni vyema kuwa na jibu mapema. Asili yake ni jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani. Mwaka 1824 afisa kijana aliyeitwa Georg Heinrich von Reisswitz, akiendeleza kazi ya baba yake, aliwasilisha mchezo wa kufunzia maafisa uliochezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1:8000, kwa vipande vilivyowakilisha vikosi, dadu za kuamua hasara, na mwamuzi aliyesimama kati ya pande mbili akimwambia kila kamanda yale tu ambayo angeweza kuyaona akiwa uwanjani. Kanuni zilikuwa nyingi kiasi cha kuwachosha waamuzi kwa kupekua majedwali, na mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza kwamba mwamuzi mwenye uzoefu aachiwe aamue kwa busara yake. Mvutano huo kati ya kanuni na busara ndio unaoigawa michezo hii hadi leo, na mhadhiri atalazimika kuchagua upande kila anapoandaa mchezo mpya.

La kuwaeleza wakuu ni kwamba vita vyenyewe si sharti. Sharti ni kuwapo kwa watu wenye maslahi yanayogongana, wanaoamua mambo wakiwa na habari nusunusu, na matokeo ya maamuzi yao yanayowarudia ili waamue tena. Mafuriko ya Mto Nyando, bei ya miwa na uvuvi wa omena vyote vina sifa hizo. Huko Nakuru nimewahi kuambiwa kwamba mambo haya ni ya Lanet, ambako jeshi hufunza maafisa wake wanafunzi. Nilijibu kwamba Lanet wana sababu zao nasi tuna zetu. Aidha, mchezo wa namna hii usichanganywe na uigaji wa kompyuta unaojiendesha, ambapo mtu huingiza tarakimu na kusubiri grafu. Uigaji huo ni chombo kizuri, lakini ndani yake hamna mtu anayeogopa, anayedanganya au anayejuta, na hao ndio tunaowatafuta.

Swali kwanza, vifaa baadaye

Wengi huanza na vifaa. Huona mchezo uliopambwa kwa ramani na karata, huupenda, kisha hutafuta somo la kuuambatanisha nao. Njia inayofaa ni kuandika sentensi moja kabla ya kushika mkasi na karatasi ya manila: baada ya mchezo huu mwanafunzi ataweza kueleza jambo fulani kutokana na uamuzi alioufanya yeye mwenyewe. Ikiwa sentensi hiyo haiandikiki, au ikiwa jambo lenyewe lingeelezeka kwa mchoro wa dakika tano, basi mchezo hauhitajiki na saa za darasa zitakuwa zimeliwa bure. Michezo haifai kufundishia fomula wala tarehe. Inafaa pale ambapo mtu huelewa maneno lakini haelewi shinikizo: mgongano wa maslahi, uhaba wa habari, na zaidi ya yote kuchelewa kwa matokeo.

Kuhusu kuchelewa kwa matokeo, mfano mkongwe ni mchezo wa usambazaji wa bia uliobuniwa katika taasisi ya MIT nchini Marekani mnamo miaka ya 1960, kutokana na kazi ya Jay Forrester. Wachezaji wanne hukaa katika mnyororo: mwenye duka, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja huona maagizo ya jirani yake tu, na bidhaa huchukua wiki mbili kufika. Mahitaji ya mteja hubadilika mara moja pekee, kutoka kreti nne kwa wiki hadi nane, kisha hukaa hapohapo hadi mwisho. Hata hivyo maagizo yanayofika kiwandani hupanda na kushuka kama mawimbi, na kila mchezaji huapa kwamba wenzake ndio waliokosea. Mimi huibadilisha bia kuwa unga wa mahindi. Wanafunzi wengi wanakumbuka foleni za mwaka 2017, pakiti ya kilo mbili ilipouzwa kwa shilingi 90 kwa ruzuku ya serikali, na wakiisha kuucheza mchezo huu huanza kuuliza ni kiasi gani cha uhaba hutokana na mahindi yenyewe na ni kiasi gani hutokana na hofu ya walio katika mnyororo.

Mchezo wa ziwa, hatua kwa hatua

Mchezo huu unatosha wanafunzi ishirini hadi thelathini, na gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana. Tafuta maharagwe makavu 100, mfuko wa kitambaa usioonyesha kilichomo, vipande vya karatasi, na ubao wa kuandikia hesabu mahali ambapo wote wanauona. Gawa darasa katika makundi matano, kila kundi likiwa ufuo mmoja wa wavuvi. Mfuko ndio ziwa na haragwe ndilo samaki.

Kanuni ni nne. Kila msimu, kila ufuo huandika kwa siri idadi ya samaki unaotaka kuvua, kuanzia sufuri hadi nane. Makundi hayaruhusiwi kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Mwendeshaji hukusanya karatasi, hutoa mfukoni idadi iliyoombwa na kuliandikia kila kundi mavuno yake, na samaki wasipotosha huwagawa kulingana na maombi. Waliobaki huzaliana kwa robo, sehemu zisizotimia zikiachwa, lakini ziwa haliwezi kuzidi samaki 100. Ndipo mwendeshaji hutangaza ziwa lina samaki wangapi na msimu mpya huanza. Lengo la kila ufuo ni kupata mavuno mengi kadiri uwezavyo. Andaa misimu kumi, ila usiwaambie idadi hiyo, kwa sababu wakiijua, msimu wa mwisho kila kundi litaandika nane na utakuwa umefundisha jambo jingine kabisa.

Inafaa mwendeshaji aijue hesabu iliyofichwa humo kabla ya kuingia darasani. Kila ufuo ukivua wanne, jumla ni 20. Wanabaki 80, wanaongezeka robo, ziwa linarudi 100. Mwendo huo unaweza kuendelea milele, na baada ya misimu kumi kila ufuo una samaki 40 huku ziwa likiwa limejaa. Kila ufuo ukivua wanane, ziwa linashuka hadi 60, linapanda hadi 75, linashuka hadi 35, linapanda hadi 43, na mwisho wa msimu wa tatu limebaki na samaki watatu. Kila ufuo umeambulia 24 na hakuna kilichosalia cha kuvua. Hali inayonivutia zaidi ni ile ya kati. Makundi yakijiona yana kiasi na kuvua watano watano, yaani samaki mmoja tu juu ya kile ziwa linachoweza kustahimili, mambo huonekana shwari kwa misimu minne, kisha ziwa huporomoka, na mwisho wa msimu wa saba amebaki samaki mmoja. Kila ufuo una 35, pungufu ya wale waliotosheka na wanne. Darasa likifika hapo, huwa ninanyamaza na kuuacha ubao wenyewe uzungumze.

Duru ya kwanza ikiisha, usieleze chochote. Anza duru ya pili kwa ziwa jipya, na safari hii ruhusu mazungumzo ya dakika tatu kabla ya kila msimu, huku maombi yakibaki ya siri. Kwa kawaida mavuno hupanda, ingawa mara nyingi hutokea ufuo mmoja unaoahidi wanne na kuandika saba, na kelele inayofuata ni sehemu ya somo. Katika duru ya tatu waache watunge sheria zao: wanaweza kuajiri mlinzi wa ziwa kwa samaki mmoja kwa kila ufuo, kuweka faini, au kufunga uvuvi kwa msimu mzima. Ni hapa ambapo nadharia hupata mahali pa kushika. Makala ya Garrett Hardin ya mwaka 1968 kuhusu malisho ya pamoja ilichora hali inayofanana na duru ya kwanza. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha pamoja na wenzake katika maabara ya Chuo Kikuu cha Indiana kwamba washiriki wakiruhusiwa kuzungumza tu, hata bila adhabu yoyote, ushirikiano huongezeka. Mwanafunzi aliyecheza duru zote tatu huwasoma waandishi hao wawili kama mtu anayefuatilia ugomvi anaoujua.

Kisha warudishe kwenye ziwa halisi, yaani Ziwa Victoria. Huku kwetu uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na fuo zina kamati zake za usimamizi, zile ambazo kila mvuvi huziita BMU. Uliza ni duru gani ya mchezo inayofanana na hali hiyo, na kwa nini. Baada ya hapo uliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo bora zaidi la siku nzima: mchezo huu umeacha nini nje? Wanafunzi hutaja gugu maji, hutaja mbuta aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 akawala samaki wengine, hutaja mpaka wa Uganda na Tanzania, hutaja vizimba vya kufugia samaki, hutaja wanawake wanaonunua samaki ufuoni na ambao hawana kiti katika mchezo wangu. Kila kinachotajwa ni kanuni mpya inayoweza kuongezwa, na kundi lenye bidii linaweza kupewa kazi ya kuiandika kanuni hiyo na kuijaribu wiki inayofuata.

Pale kanuni zisipotosha: mchezo wa hoja

Ziwa lina hesabu, mafuriko yana siasa. Hakuna jedwali litakaloamua kama chifu atawashawishi watu wa Budalang'i kuhama kabla tuta la Mto Nzoia halijavunjika. Kwa mambo kama hayo natumia mtindo ambao Mmarekani Chris Engle aliuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1980, nami nimeuita mchezo wa hoja kwa kuwa hoja ndiyo silaha pekee ya mchezaji.

Watu sita au saba hupewa nafasi: serikali ya kaunti, naibu kamishna, idara ya utabiri wa hali ya hewa, Msalaba Mwekundu, wakulima wa mpunga wa Ahero, mwalimu mkuu ambaye shule yake inatakiwa iwe kambi, na mwandishi wa habari wa redio. Kila mmoja ana kadi yenye aya mbili, moja ikieleza anachotaka hadharani na nyingine anachokihofia moyoni. Zamu ikimfikia, hutaja tendo moja, tokeo analolitarajia, na sababu tatu za kuamini kwamba litatokea. Wengine huleta sababu za kupinga. Mwamuzi hupima, hurusha dadu mbili, na jumla ya saba au zaidi humaanisha kwamba tendo limefaulu. Kila sababu nzito huongeza moja, kila pingamizi zito hupunguza moja.

Mwamuzi anapaswa kujua uzito wa anachokitoa. Bila nyongeza yoyote, uwezekano wa kupata saba au zaidi ni 21 kati ya 36, takriban asilimia 58. Nyongeza ya mbili huupandisha hadi asilimia 83, na upungufu wa mbili huushusha hadi asilimia 28. Kwa hiyo sababu mbili nzuri zinabadilisha kila kitu, na mwanafunzi aliyesoma ripoti za mafuriko ya Aprili na Mei 2024 kabla ya kuja ana nguvu kuliko yule mwenye sauti kubwa. Nimeona wanafunzi wapole ambao hawajawahi kuinua mkono katika muhadhara wakikiongoza chumba kizima kwa sababu tu walijua maji ya Nyando hutoka wapi na huchukua njia gani kufika uwanda wa Kano.

Udhaifu wa mtindo huu ni mwamuzi mwenyewe. Akiwa haujui mkoa vizuri, hoja ya uongo itapita. Akiwa anaujua kupita kiasi, atakuwa anapitisha yale tu anayoyaamini yeye. Dawa yake ni kuwa na waamuzi wawili, mmoja akiwa mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo. Ofisa mstaafu wa utawala au mfanyakazi wa kujitolea wa misaada hukubali mwaliko kwa urahisi kuliko tunavyodhani, na chuo kama Masinde Muliro kilichoko Kakamega, kinachofundisha masuala ya majanga, ni jirani wa kushirikiana naye.

Saa, ukumbi na umati

Katika kipindi cha saa mbili, mchezo wenyewe usizidi saa moja. Dakika kumi na tano za kwanza ni za maelezo, na maelezo yakihitaji zaidi ya hapo kanuni ni nyingi mno. Dakika zinazobaki ni za mjadala. Darasa la wanafunzi 120 katika ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni halizuii mchezo, ila linahitaji maziwa manne yanayokwenda sambamba, kila moja na msaidizi aliyefunzwa siku iliyotangulia. Usitegemee projekta, kwa kuwa umeme una tabia zake. Na usipeleke darasani mchezo ambao hujaucheza na wenzako ofisini angalau mara mbili. Mara ya kwanza huonyesha kanuni zilizosahaulika, mara ya pili huonyesha njia ya mkato ambayo mwanafunzi mjanja angeigundua.

Wanafunzi wa upande huu hawajifunzi kucheza kutoka mwanzo. Wengi wamekua wakiwaona wazee wakicheza ajua chini ya mti, na wanajua tayari kwamba kuzihesabu kete za mwenzio kabla ya kugusa zako ni nusu ya ushindi. Wakumbushe hilo mwanzoni, na hofu ya neno "uigaji" itapungua.

Alama zitolewe kwa kile mwanafunzi anachoandika baada ya mchezo, kamwe zisitolewe kwa ushindi. Ukimpa alama aliyevua samaki wengi, umebadilisha mchezo wa ziwa kuwa mtihani wa ulafi. Ninachodai ni kurasa mbili zinazotaja uamuzi mmoja alioufanya, habari alizokuwa nazo wakati huo, alichokitarajia, kilichotokea, na dhana gani ya kozi inayoeleza tofauti hiyo.

Mjadala baada ya mchezo

Mhadhiri aliyechoka hushawishika kuufupisha mjadala, na hapo huwa ameutupa mchezo wote. Mpangilio unaonifaa una ngazi tatu. Kwanza hisia: nani amekasirika, nani ameona aibu, nani anajihisi ameonewa, hizi zisipotolewa mwanzoni zitajitokeza baadaye zimevaa joho la nadharia. Pili matukio: kila kundi lieleze kwa mfuatano liliona nini na liliamua nini, wakati karatasi za siri zikifunuliwa moja baada ya nyingine. Tatu ndipo maana, na uhusiano na ulimwengu ulio nje ya ukumbi. Mhadhiri ajizuie kueleza mapema. Kimya cha nusu dakika baada ya swali huchosha masikio yake kuliko ya wanafunzi, na mara nyingi jibu lililo bora zaidi huja baada yake.

Nafasi ambazo mtu asipewe

Nilisema kwamba baadhi ya mambo yameniharibikia. Mara moja nilimpa mwanafunzi nafasi ya mwenye nyumba aliyekataa kuhama tuta lilipokuwa likimomonyoka, bila kujua kwamba nyumba ya kwao ilikuwa imesombwa na mto mwaka uliotangulia. Alicheza vizuri kwa dakika ishirini, kisha akainuka, akatoka, na hakurudi. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo hutuma maelezo ya mchezo siku tatu kabla, hutaja wazi mambo yatakayoguswa, na huacha daima nafasi ya mtazamaji anayeandika kumbukumbu, ambayo yeyote anaweza kuichukua bila kutoa sababu.

Kabila ni suala zito zaidi. Nakuru, Naivasha na Kisumu zote ziliumia katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na wapo wanafunzi ambao familia zao zingali na makovu ya wakati ule. Mchezo wa mizozo ya ardhi au ya uchaguzi unaweza kufundisha mengi, lakini makundi yake yasiwe makabila yaliyopo wala kaunti zilizopo. Buni kaunti mbili, zipe mto, soko na historia ya kubuni, na uache wanafunzi wenyewe wavuke daraja hilo katika mjadala ikiwa watataka. Hata katika mchezo wa ziwa nilianza kwa kuyapa makundi majina ya fuo halisi za Dunga, Usenge na Luanda K'Otieno, nikayaacha baada ya kuona watu wakitetea kwao badala ya kufikiri. Kisiwa cha Migingo huombwa sana na wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, na kwa kuwa mgogoro wake na Uganda ni wa serikali kwa serikali unachezeka vizuri zaidi, mradi upande wa Uganda upewe wachezaji hodari na kadi zenye hoja za haki.

Mchezo kama chombo cha utafiti

Hapa uangalifu unapaswa kuongezeka maradufu, kwa maana mchezo unaopendeza hushawishi kuliko ushahidi ulio ndani yake. Mchezo mmoja haukubashirii kitakachotokea. Unachokupa ni dhana za kuchunguza, na mambo ambayo hukuwahi kuyafikiria. Thomas Schelling, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2005 ambaye alishiriki katika kuandaa michezo ya migogoro ya kimataifa, alieleza faida hiyo kwa hoja kwamba hata mtu awe makini namna gani, hawezi kuandika orodha ya mambo ambayo hayangemjia akilini. Mchezaji wa upande wa pili ndiye anayekuandikia orodha hiyo.

Mtafiti anayetaka kwenda mbali zaidi ya dhana lazima arudie mchezo mara nyingi kwa kanuni zilezile, maelezo yaleyale yakisomwa kutoka karatasi moja, na kubadilisha kitu kimoja tu kati ya makundi. Katika mchezo wa ziwa, mfano, madarasa kumi yacheze bila mazungumzo na kumi yacheze na mazungumzo, yakipangiwa kwa kura. Kosa ninaloliona katika mapendekezo ya wanafunzi wa uzamili ni kuhesabu watu. Wachezaji 25 wa ziwa moja wanaathiriana, hivyo kwa swali la kama ziwa litaporomoka wao ni tokeo moja. Anayeandika kwamba ana sampuli ya watu 500 kumbe ana maziwa 20 atakuwa amejidanganya kuhusu nguvu ya takwimu zake.

Kumbukumbu zikusanywe kwa njia tatu: karatasi za maamuzi zenye namba ya msimu, rekodi ya sauti, na mtazamaji kwa kila kundi mwenye fomu fupi. Mwambie mtazamaji aandike pia lugha. Katika madarasa yangu mazungumzo huanza kwa Kiingereza cha kitabu, hushuka hadi Kiswahili ziwa linapopungua, na makubaliano ya siri aghalabu hufungwa kwa Dholuo au kwa Kiluhya. Anayenukuu Kiingereza peke yake atakuwa amekosa ile sehemu ambamo maamuzi hufanyika, kwa hiyo awe na wanukuzi wanaozielewa lugha hizo.

Swali jingine ni nani acheze. Wanafunzi wanapatikana kwa urahisi lakini si wavuvi, na matokeo yao yanahusu wanafunzi. Watafiti wa CIRAD, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa kilimo, wamekuwa tangu miaka ya 1990 wakicheza na wakulima na wafugaji wenyewe, zikiwamo kazi zao katika bonde la Mto Senegal, wakiunganisha mchezo na modeli ya kompyuta ili wenyeji waikosoe modeli kwa kuicheza. Njia hiyo inafaa sana ufuoni, ila ukienda huko fidia muda wa mvuvi kwa kima kilichokubaliwa na kamati ya maadili, usiende asubuhi boti zinapoingia, na usiwe wewe unayejua jibu.

Ridhaa ya maandishi, idhini ya kamati ya maadili ya chuo na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, vitangulie, na rekodi za sauti zihifadhiwe kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ikiwa wachezaji ni wanafunzi wako mwenyewe, mtu mwingine ndiye aombe ridhaa na kuzishika fomu hadi alama za muhula zitakapotoka, kwa sababu mwanafunzi haoni tofauti kati ya ombi la mhadhiri wake na amri.

Jioni ya siku ya mchezo, kabla ya kwenda nyumbani, andika kila uamuzi ulioutoa papo kwa papo kwa kuwa kanuni zilikuwa kimya: nani aliuliza, ulijibu nini, na je, ungejibu hivyo tena. Ipe nakala ya kanuni namba mpya na tarehe, uitie katika bahasha pamoja na karatasi za maamuzi, kisha uhesabu maharagwe. Yakipungua 100, ziwa lako la wiki ijayo litaporomoka mapema na hutajua kwa nini.